Mganga wa Karema na Karama ya Kila Siku



Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikifanya kazi ya ukatekista, tulikesha na vijana usiku wa kuamkia sikukuu ya Pentekoste. Mimi nilipewa kutoa fundisho juu ya karama za Roho Mtakatifu. Nilipomaliza, niliwaalika wote waliojitambua kuwa na karama wasogee mbele ya altare ili tuwaombee. Walisogea waimbaji na wapiga ngoma, wasemaji wenye ulimi mwepesi, na wale waliozoea kusali kwa sauti kubwa. Wengine walibaki kwenye mabenchi.

Kesho yake binti mmoja wa miaka 17 alinifuata nyuma ya kanisa. Akaniuliza: «Mwalimu, jana usiku niliketi hadi mwisho. Je, Roho Mtakatifu amenipita mimi?» Nilimjibu upesi kwamba asihuzunike, karama yake itaonekana siku moja. Lilikuwa jibu baya. Nilijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba binti huyo aliamka kila siku kabla ya alfajiri, akamwosha na kumlisha nyanya yake aliyekuwa amepooza, kisha akakimbilia Misa ya asubuhi, na baada ya Misa akaenda shule. Karama yake ilikuwa inaonekana kila siku. Ni macho yangu ambayo hayakuzoea kuitafuta mahali kama pale.

Makala hii ni jibu langu lililochelewa. Nimelitafuta katika historia ya Kanisa, kwanza katika mji wa zamani wa Korinto, halafu karibu nasi sana, kando ya Ziwa Tanganyika.

Ugomvi wa zamani huko Korinto

Korinto ulikuwa mji wa bandari, wenye biashara nyingi na watu wa kila kabila. Mtume Paulo aliishi humo, akaanzisha jumuiya ya waamini, kisha akaendelea na safari zake. Karibu na mwaka 55 baada ya Kristo aliwaandikia barua, kwa sababu habari zilizomfikia hazikuwa nzuri. Waamini walikuwa wamegawanyika. Na mojawapo ya mambo yaliyowagawa, ajabu ya kusikitisha, ilikuwa ni karama za Roho Mtakatifu zenyewe. Waliojaliwa kunena kwa lugha walijiona wako juu ya wengine. Karama zisizopiga kelele zilihesabiwa kuwa si kitu.

Vijana wengi wanaijua sura ya 12 ya barua hiyo, juu ya mwili mmoja wenye viungo vingi, na sura ya 13 juu ya upendo, ambayo husomwa sana katika Misa za ndoa. Lakini tunasahau kusoma kwanza sura ya 11. Humo Paulo anawakemea Wakorinto kwa sababu walipokusanyika kwa karamu ya Bwana, wenye vyakula walikula wakashiba wala hawakuwangoja maskini waliofika na njaa. Basi tazameni mpangilio wa mambo. Watu wale wale waliojivunia karama kubwa za Mungu walishindwa kumngojea ndugu yao mwenye njaa. Hapo ndipo Paulo alipoanza kueleza karama ni nini.

Maelezo yake yana nguzo tatu. Ya kwanza: karama hutolewa kwa mtu mmoja kwa faida ya wote. Ya pili: pasipo upendo, hata karama iliyo kubwa kupita zote haina faida. Ya tatu: karama itumike kwa utaratibu, ijenge na isibomoe. Tena, anapoziorodhesha karama mwishoni mwa sura ya 12, pamoja na miujiza na uponyaji anataja pia karama ya kuwasaidia wengine. Usiku ule wa Pentekoste niliisoma orodha hiyo mbele ya vijana, lakini neno hilo nililipita bila kusimama.

Mtoto wa Mto Niger

Sasa tuje kwa mtu ninayetaka mmjue. Jina lake ni Adriani Atiman. Alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, katika eneo la Timbuktu, nchi ambayo leo inaitwa Mali. Akiwa na umri wa miaka 10 hivi alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara mpaka Aljeria. Huko Mapadri Weupe, yaani Wamisionari wa Afrika, walimkomboa kwa fedha, wakampeleka shuleni. Alifundishwa imani, akabatizwa.

Shirika la mapadri hao lilikuwa bado changa. Lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Alger, Charles Lavigerie, ambaye mwaka 1882 alifanywa kardinali. Mwaka 1878 alituma msafara wa kwanza wa wamisionari kwenda kwenye Maziwa Makuu. Lavigerie alikuwa na wazo ambalo watu wengi wa wakati wake hawakuwa nalo. Alisema kwamba wamisionari kutoka Ulaya wangeanzisha kazi tu, lakini kazi ya kudumu ingetimizwa na Waafrika wenyewe. Wala hakuwa akiwafikiria mapadri peke yao. Alitaka walei wenye ndoa na kazi ya mikono, wanaokula na kuvaa kama watu wanaoishi kati yao, wanaomhubiri Kristo kwa maisha yao kwanza na kwa maneno baadaye.

Kati ya kazi zote aliichagua kazi ya uganga. Sababu zake zilikuwa wazi. Mgonjwa haulizi mganga anatoka kabila gani. Mlango wa nyumba yenye mgonjwa hufunguliwa usiku na mchana. Na mganga aweza kujipatia riziki yake kwa haki pasipo kuwa mzigo kwa misheni. Kwa hiyo mwaka 1881 Lavigerie alifungua taasisi katika kisiwa cha Malta, ili vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani wasome udaktari huko. Walipohitimu wangeitwa waganga-makatekista. Atiman alikuwa mmoja wao, akamaliza masomo yake mwaka 1888.

Hapa nawaomba mtulie kidogo. Tunaposikia neno karama, mara nyingi tunafikiria kitu kinachomshukia mtu ghafla, usiku mmoja, wakati wa sala. Mungu aweza kufanya hivyo, naye hufanya. Lakini karama ya Atiman ilipitia njia nyingine. Ilipitia miaka ya kujifunza, katika lugha za ugenini, mifupa ya mwili wa mwanadamu, magonjwa na dawa zake. Roho Mtakatifu hakuidharau mitihani. Kijana anayesali apate karama ya kuwaponya wagonjwa, na huku hafungui daftari lake la masomo ya uuguzi, anamwomba Mungu ampe kwa mkono mmoja kile anachokikataa kwa mkono wa pili.

Miaka 67 kando ya ziwa

Baada ya masomo Atiman aliingia katika safari ya kuelekea Ziwa Tanganyika. Kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ziwani watu walitembea kwa miguu kwa miezi, wakifuata njia za misafara. Ni njia zile zile ambazo watumwa waliteremshwa kupelekwa pwani. Fikirini moyo wa kijana huyo. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, yeye mwenyewe alikuwa amewahi kutembezwa jangwani kama mali ya mtu, na sasa alikuwa akipandisha njia ya watumwa kwa miguu yake, mtu huru, akibeba dawa.

Mwaka 1889 alifika Karema, upande wa mashariki wa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika kuanzia mwaka 1879. Mwaka 1885 iliachiwa Mapadri Weupe, pamoja na kituo cha Mpala kilichoko upande wetu wa Kongo, ambacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1883. Kwa sababu hiyo Karema na Mpala ni kama ndugu wawili wa tumbo moja, waliotenganishwa na maji tu.

Nchi ya ziwani siku zile ilikuwa na majeraha mengi. Biashara ya watumwa ilikuwa imevunja vijiji. Watu walihama na kujificha. Ndui ilifuata njia za misafara. Katika miaka ya 1890 walikuja funza, wadudu waliokuwa wamepita Kongo yote kutoka pwani ya magharibi, wakaharibu miguu ya watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulivipiga vijiji vya pande zote mbili za ziwa, hata vingine vikahamishwa. Huko ndiko Atiman alikowekwa, na alikuwa na vifaa vichache.

Mganga-katekista alifanya kazi mbili zilizokuwa kazi moja. Alisafisha vidonda, akafunga mifupa iliyovunjika, akapasua palipohitaji kupasuliwa, akatoa dawa. Tena alifundisha katekisimu, akawatayarisha watu kwa ubatizo. Kwa agizo la Lavigerie maandalizi hayo yalichukua miaka minne, na hayakuharakishwa. Kwa watu waliokuwa katika hatari ya kufa, katekista alikaa kando ya mkeka, akasali nao, akawabatiza kama walitaka. Siku za misheni ziliendeshwa kwa kengele: sala ya asubuhi, Misa, kazi, mafundisho, sala ya jioni. Hapakuwa na ukuta kati ya ibada na zahanati. Mikono iliyofunga vidonda ndiyo iliyofanya ishara ya msalaba.

Atiman alifunga ndoa na Agnes, binti wa chifu wa Wabende, wenyeji wa upande ule wa ziwa. Mtu aliyenyang'anywa ukoo wake akiwa mtoto alipata ukoo mpya kati ya watu aliowahudumia. Mwana wao Yosefu akawa padri.

Na Atiman alibaki. Hilo ndilo neno kubwa katika maisha yake: alibaki. Alifika kabla utawala wa Wajerumani haujakaa imara huko ziwani. Aliwaona Wajerumani wakija na wakienda, akawaona Waingereza. Alifika akiwa kijana wakati Papa alikuwa Leo wa XIII, akafa wakati wa Papa Pio wa XII, mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi. Ilibaki miaka mitano tu Tanganyika ipate uhuru. Alikaa miaka 67 katika kazi ile ile, mahali pale pale. Ukihesabu, ni zaidi ya siku 24,000. Uzeeni alipata heshima na nishani, lakini nishani hazikumfanya kuwa mganga. Siku zile ndizo zilizomfanya. Nyingi kati yake hazikuandikwa popote: kikohozi cha mtoto, jipu la mvuvi, mama mwenye uchungu wa kuzaa aliyepiga hodi usiku wa manane.

Mambo yasiyofaa kufichwa

Nimefundishwa kazi ya ualimu, na mwalimu wa historia hana ruhusa ya kusimulia nusu tu. Ziko sehemu za hadithi hii ambazo si nyepesi.

Kwanza, mtoto aliyekombolewa hakuulizwa anataka kwenda wapi. Wakubwa waliamua juu ya shule yake na dini yake, wakati mama yake, kama aliishi, alikuwa mbali ng'ambo ya jangwa. Pia walikuwako watu walioonya kwamba kuwanunua watumwa, hata kwa nia ya kuwaacha huru, kwaweza kuwashawishi wafanyabiashara waendelee kuteka wengine. Onyo hilo lilikuwa na haki. Tunamshukuru Mungu kwa mema aliyoyatoa katika maisha ya Atiman, bila kusema kwamba yote yaliyompata yalikuwa mema.

Pili, si vijana wote waliosoma Malta waliodumu katika utume. Taasisi yenyewe haikuishi miaka mingi. Jambo hili linatufundisha. Vijana wale walikombolewa vile vile na kusomeshwa vile vile. Karama hutolewa bure, lakini kudumu ndani yake kunahitaji kuamuliwa upya kila asubuhi, na hakuna askofu wala mwalimu anayeweza kuamua kwa niaba ya mtu.

Tatu, misheni za ziwani ziliishi katika wakati wa bunduki. Upande wetu wa Mpala alikuwako mlei mwingine, Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa. Alifika Mpala mwaka 1887, akakusanya watu na silaha, akavilinda vijiji dhidi ya wateka-watumwa mpaka miaka ya mwanzo ya 1890. Watu wengi waliokoka kwa sababu yake, hatuwezi kukana. Lakini kulinda kwa silaha kulileta pia utawala, na misheni ikajikuta ikitoa amri kama serikali. Mambo hayo yameleta maswali mpaka leo. Mimi humheshimu Joubert zaidi kwa yale yaliyofuata. Vita vilipokwisha hakurudi kwao. Alikuwa amefunga ndoa mwaka 1888 na Agnes Atakaye, akaendelea kuishi Marungu kama baba wa familia na Mkristo wa kawaida, mpaka alipofariki mwaka 1927. Kazi ya bunduki ilikuwa ya miaka michache. Ile ya ubaba na ujirani ilichukua miaka zaidi ya 30.

Sauti katika Mtaguso

Pengine mtu atauliza: je, Kanisa lenyewe linaziita kazi za namna hii karama? Au ni sisi makatekista tunaojifariji?

Swali hilo lilijadiliwa mbele ya maaskofu wa dunia nzima katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Mwezi wa Oktoba 1963, walipokuwa wakizungumzia hati juu ya Kanisa, Kardinali Ruffini wa Palermo alionya kwamba karama zilikuwa nyingi katika Kanisa la mwanzo, lakini baadaye zimekuwa chache sana. Kwa hiyo haifai kusema kwamba waamini wengi wanazo. Tarehe 22 ya mwezi huo Kardinali Suenens wa Ubelgiji alimjibu. Alieleza kwamba karama si pambo la pembeni katika maisha ya Kanisa, wala hazikuishia wakati wa mitume. Roho huzigawa kwa Wakristo wa kila hali, wasomi na wasio wasomi, wake kwa waume. Na nyingi kati yake ni za kawaida, za kufundisha, kufariji, kuhudumia.

Mtaguso ulifuata njia hiyo. Hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, katika namba yake ya 12, inafundisha kwamba karama, ziwe za ajabu au ziwe nyepesi na zenye kuenea kwa wengi, zipokelewe kwa shukrani. Inaonya pia tusizitamani ovyo zile za ajabu. Na hati juu ya utume wa walei ya mwaka 1965, katika namba ya 3, inaongeza jambo zito: kila mwamini aliyepokea karama, hata iliyo ndogo, ana haki na wajibu wa kuitumia kwa faida ya watu na ujenzi wa Kanisa. Angalieni, ni haki, tena ni wajibu. Kwa hiyo anayemzuia ndugu asiitumie karama yake anamnyang'anya haki. Na anayeificha ya kwake anakimbia wajibu.

Wakati maaskofu walipokuwa wakijadili hayo, Kongo ilikuwa imekwisha kuanza kuyaonja. Mwaka 1961 maaskofu wetu walichagua njia ya jumuiya ndogo za Kikristo, zile tunazoziita mashirika. Humo anahitajika mtu wa kusoma Neno, mtu wa kupatanisha waliogombana, mtu wa kukumbuka ni nani anaumwa. Padri hawezi kuwa na karama zote hizo peke yake. Na hata mapadri wetu wa kwanza hawakuota wenyewe kama uyoga. Stefano Kaoze alipopadrishwa tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, ambako leo ni Moba, akiwa padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi zetu, nyuma yake walikuwako wazazi, majirani na makatekista ambao majina yao mengi hatuyajui.

Nasi leo

Wapenzi vijana, sisemi haya ili kuzishusha karama za kuimba, za kunena, za kuongoza sala. Kanisa bila waimbaji lingekuwa na huzuni. Paulo mwenyewe hakuwakataza Wakorinto kunena kwa lugha. Aliwaambia wapime kwa upendo na kwa faida ya wote. Ninalowaomba ni kwamba kipimo kisiwe sauti. Kipimo kiwe hiki: je, karama hii imemfikia mtu anayeihitaji?

Yuko kati yenu anayejua hesabu, na jirani yake anakaribia mtihani wa serikali bila mwalimu. Yuko mwenye subira na watoto, na darasa la Komunyo ya kwanza limekosa msaidizi. Yuko mwenye pikipiki, na mama wa shirika lake lazima afike kituo cha afya kabla ya giza. Yuko anayejua kunyamaza na kusikiliza, na rafiki yake amepoteza wazazi katika vita na hana wa kumwambia. Hizi nazo ni karama, mradi zitumike katika upendo wa Kristo na zirudi kwake kila siku katika sala.

Namna ya kuzirudisha kwake si ngumu. Katika sala ya asubuhi, pamoja na kumtolea Mungu siku, mwulize: leo unanituma kwa nani? Jibu huwa karibu kuliko tunavyofikiri. Mara nyingi liko ndani ya nyumba. Unapokwenda Misa, wakati wa matoleo, weka jina la mtu huyo pamoja na mkate na divai. Jioni, kabla ya kulala, jitazame: nilimfikia, au nilimpita? Kama ulimpita, omba msamaha, kisha lala, kesho iko. Ukiacha sala, huduma inachosha na kuleta manung'uniko. Ukiacha huduma, sala inageuka kuwa starehe. Atiman hakuzitenganisha kwa miaka 67.

Neno la mwisho ni juu ya binti yule. Nyanya yake alifariki mwaka uliofuata. Nilikwenda kwenye matanga, na baada ya mazishi nilimwomba radhi kwa jibu nililompa nyuma ya kanisa. Nilimwambia kwamba usiku ule wa Pentekoste mimi ndiye niliyepaswa kushuka altareni na kwenda kwenye benchi lake kuomba aniombee. Alitabasamu, akasema: «Mwalimu, nilikuwa nimechoka tu. Ningependa mtu aniulize habari zake.» Tangu siku hiyo, ninapofundisha juu ya karama, siwaiti tena wenye karama waje mbele. Nawaomba vijana wanyamaze kidogo, kisha kila mmoja amtaje mtu mmoja aliyemsaidia wiki hiyo. Orodha huwa ndefu, na karibu kila mara wanaotajwa ni wale walioketi nyuma.

Kwa tafakari ya kikundi

1. Someni pamoja sura za 11 hadi 14 za barua ya kwanza kwa Wakorinto. Ni karama zipi tunazozipa nafasi kubwa katika kikundi chetu, na zipi tunazozisahau?

2. Kila mmoja amwambie mwenzake karama moja anayoiona ndani yake. Asijitaje yeye mwenyewe.

3. Katika shirika letu, ni mgonjwa yupi au mzee yupi ambaye hajatembelewa mwezi huu? Nani atakwenda, siku gani?

Sala

Ee Roho Mtakatifu, uliyemfuata mtoto wa Mto Niger hata jangwani na kumtuma awaguse wagonjwa wa ziwani, utufungue macho tuione karama uliyotupa, na karama uliyowapa wenzetu. Utuepushe na wivu na majivuno. Utupe kubaki waaminifu katika mambo madogo ya kila siku, mpaka siku ile Bwana atakapotuita kwa majina yetu. Amina.